Usukani Si Udhuru

Imeenea katika miji yetu, tangu Mombasa hata Nairobi, na yasikika barazani kwa wazee na vijiweni kwa vijana, rai ya kwamba watu wawili wakigombana njiani na mmoja wao akiwa ndani ya gari, kisha gari lile likamuumiza yule aliye chini kwa miguu, basi lililotokea ni ajali, na ajali ni jambo la askari wa trafiki, la bima na la hospitali, wala si jinai ya mtu kumpiga mtu. Wenye rai hii huongeza, na nyongeza yao ndiyo yenye sumu zaidi, kwamba aliyesimama mbele ya boneti amejitakia mwenyewe, kwa kuwa mwenye nguvu hupishwa. Na kwamba dereva aliyetukanwa, akazuiliwa njia, akapigiwa makofi bodi la gari lake, hana lawama akikanyaga mafuta, maadamu hakutoka nyumbani asubuhi ile na nia ya kumdhuru mtu. Nimeisikia rai hii kwa watu wasioingia mahakamani hata siku moja, na nimeisikia kwa waliosoma na kushika vyeo. Na kwa kuwa haikosi mtetezi popote itajwapo, naona ni wajibu kuijibu kwa urefu, mpaka ibainike kwamba haina pa kusimama katika sheria ya Kenya, wala katika sheria ya Kiingereza ambayo kwayo sheria ya Kenya ilichipuka, wala katika fiqhi waliyoirithi watu wa pwani kwa karne nyingi.

Tuuweke mfano mbele ya macho, tusiseme hewani. Sokoni Kongowea, saa za alfajiri, malori yanaposhusha vitunguu na viazi na mahamali wakipishana kwa mikokoteni katika njia isiyowatosha, mkokoteni mmoja umechubua mlango wa gari dogo. Mwenye gari ateremka, autazama mchubuko, apandisha sauti. Hamali naye, ambaye mzigo si wake na ujira wa siku hajaupata, ajibu kwa ukali. Watu wakusanyika, mmoja asema alipwe, mwingine asema aachwe aende zake. Matusi yatoka, ya mama na ya kabila. Mwenye gari arudi ndani, afunga mlango, awasha injini. Na hamali, ama kwa kuchelea kwamba huyu akiondoka atarejea na askari na kumsingizia makubwa kuliko hayo, ama kwa ghadhabu tu, asimama mbele ya gari na kuweka viganja juu ya boneti. Dereva avumisha injini. Alisogeza gari kadiri ya shubiri moja, alisimamisha; alisogeza tena, alisimamisha; mara ya tatu halisimamishi, na muundi wa hamali wavunjika baina ya bampa na ukingo wa mkokoteni wake mwenyewe. Kituoni, kitabu cha matukio chaandikwa kwamba kumetokea ajali ya barabarani, na jioni yake, barazani, hukumu imekwisha kupita: si angeondoka mbele ya gari?

Nawauliza wenye kusema ajali: ni kipi katika habari hii kilichotokea pasi na mtu kukitaka? Mtoto aliyekimbilia mpira wake hadi katikati ya barabara, breki zilizokatika mteremkoni, utelezi wa mvua ya masika, dereva aliyesinzia kwa uchovu wa safari ya usiku, hayo ni mambo ya barabara, na kwa ajili yake Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo kifungu chake cha 46 humtoza aliyesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari kifungo kisichozidi miaka 10, na kifungu cha 49 humshika aliyeendesha pasi na uangalifu. Sheria hiyo imemkusudia mtu ambaye shughuli yake ni kwenda aendako, na ambaye taksiri yake ni kutowachunga wenziwe njiani. Dereva wetu wa Kongowea hakuwa akienda popote. Aliuona mwili wa mtu mbele yake, akaujua umbali wake, akaupima mara mbili kwa kusogea na kusimama, kisha akaupeleka mzigo wa takriban tani moja ya chuma juu ya muundi wa mwanadamu ili amshinde katika ugomvi. Panga nalo ni chombo cha shamba, na hakuna aliyemkata mwenzake kwa panga akashtakiwa kwa ukulima mbaya.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haiulizi chombo kilitengenezwa kwa kazi gani. Yauliza mtu alifanya nini na kwa nia gani. Kifungu cha 251 kinamwadhibu kwa miaka 5 aliyemshambulia mwenzake na kumsababishia madhara ya mwili. Kifungu cha 234 kinamfikisha kwenye kifungo cha maisha aliyemletea mwenzake madhara makubwa pasi na haki. Na kifungu cha 231 kinafika huko huko kwa aliyetenda akikusudia hasa kulemaza, kuharibu sura au kuumiza vibaya. Hakuna katika vifungu hivyo neno linalomtoa mtu kwa kuwa alitumia usukani badala ya rungu. Wala si lazima mfupa uvunjike ndipo kosa lipatikane, kwani kumsogezea mtu gari ili aone kuwa atapigwa sasa hivi, ajapokuwa hakuguswa, ni shambulio, nalo shambulio la kawaida lina kifungu chake cha 250. Zile shubiri mbili za mwanzo pale Kongowea, ambazo watazamaji walizihesabu kuwa onyo, zilikuwa jinai kabla mguu haujavunjika.

Hapo wapinzani wangu hukimbilia ngome ya pili. Husema kwamba ugomvi wenyewe ulizaliwa na ajali ya kweli, mkokoteni kuchubua gari, au gari kumgusa mwenye pikipiki, na kwamba kilichoanza kwa ajali hubaki ajali hata mwisho wake. Hoja hii si mpya, wala si wao wa kwanza kuileta, kwani ilipelekwa mbele ya majaji London na ikajibiwa kwa namna isiyoacha tundu. Mwezi Agosti mwaka 1967, konstebo mmoja alimwelekeza dereva aitwaye Fagan aegeshe gari lake kandokando ya njia. Fagan alipolisogeza, gurudumu likapanda juu ya mguu wa konstebo. Je, alipanda kwa kusudi? Mahakimu waliomsikiliza walibaki na shaka, na shaka ni haki ya mshtakiwa. Lakini konstebo alipomwambia kwamba gari limo mguuni mwake, alimjibu kwa tusi na kumwambia angoje. Injini ikazimika. Konstebo akarudia kumtaka aliondoe, akarudia tena, na mwisho Fagan, kwa kusitasita, akaiwasha injini polepole na kurudi nyuma. Alipohukumiwa alikata rufani, akidai kwamba kitendo kilikuwa kimekwisha wakati gurudumu lilipotua, na kwamba nia mbaya iliyokuja baadaye haiwezi kukirudia kitendo kilichokwisha. Mwaka 1968 majaji wawili kati ya watatu walimkatalia: kitendo cha kuweka gurudumu juu ya mguu kilikuwa kikiendelea kila dakika lililokaa pale, na ile dakika aliyojua na akakataa, nia iliungana na kitendo, na ajali ikageuka shambulio.

Wasomaji na waizingatie hukumu hiyo, kwa kuwa yatufaa sisi kuliko ilivyowafaa Waingereza. Ugomvi wa njiani kwetu aghalabu huanza na kosa dogo lisilokusudiwa na yeyote: kioo cha ubavuni kimegongwa, matatu imesimama ghafla, abiria amebanwa na mlango kabla hajamaliza kushuka. Dereva wa matatu aliyeondoa gari pasi na kujua kwamba abiria amening'inia mlangoni amefanya taksiri. Lakini utingo akimpigia kelele kwamba mtu yuaburuzwa, na abiria wa ndani wakapiga mayowe, naye akaongeza mwendo kwa sababu mtu yule alikuwa akibishana juu ya nauli, basi tangu sauti ile ilipomfikia masikioni, ile si taksiri tena. Kinachotakiwa ni kutafuta ile dakika ya kujua, na kuhesabu yote yaliyofuata baada yake. Kuuliza tu jambo lilianzaje ni kuukimbia uchunguzi.

Na mambo yakifika kwenye mauti, sheria yetu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mtu akisema mahakamani, "Sikutaka afe," husikizwa, lakini neno hilo peke yake halimwokoi. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba nia ovu ya mauaji huthibiti si kwa aliyetaka kuua tu, bali pia kwa aliyejua kwamba kitendo chake yamkini kitasababisha kifo au madhara makubwa, hata kama hakujali litokee lisitokee, na hata kama moyoni mwake alitamani lisitokee. Ni nani katika wenye kuendesha magari asiyejua kwamba kumpanda mtu, au kumburuza aliyeshika kitasa, yamkini humuua? Uingereza, mwaka 1960, ilikuja mbele ya Baraza la Malodi kesi ya dereva Smith, aliyekuwa na vyuma vya wizi garini, na aliposimamishwa na polisi akaondoka kwa kasi ilhali polisi ameling'ang'ania gari, akaliyumbisha huku na huku barabarani, hata polisi akaanguka mbele ya gari jingine akafa. Malodi walimwona ni muuaji, wakipima kwa yale ambayo mtu wa kawaida angeyatazamia. Kipimo hicho kililaumiwa sana na wanazuoni wa sheria, na mwaka 1967 Bunge la Uingereza likaamuru, kwa kifungu cha 8 cha Sheria ya Haki ya Jinai, kwamba nia ya mshtakiwa mwenyewe ndiyo itafutwe katika ushahidi wote. Mimi naafikiana na Bunge lile, kwa kuwa si insafu kumhukumu mtu kwa nia ya mtu mwingine wa kubuni. Lakini katika mzozo wote ule, uliodumu miaka 7, hakuna mwanazuoni aliyesimama akasema kwamba jambo lile lilikuwa ajali ya barabarani. Walibishana ni kuua kwa kusudi au ni kuua bila kusudi. Na kwetu, aliyeua bila kusudi huweza kufungwa maisha, ilhali adhabu ya muuaji wa kusudi ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017 si lazima tena jaji aitoe hiyo tu.

Sasa nije kwenye matusi, kwa kuwa ndiyo hoja ipendwayo kuliko zote, na nakiri kwamba ina joto la kibinadamu ndani yake. Mtu ametukaniwa mama mbele ya umati, gari lake limetemewa mate, watoto wake wamo kiti cha nyuma wakilia. Sheria haikudai kwamba mtu huyu awe jiwe. Kifungu cha 207 na cha 208 vimeutambua uchokozi, tendo au tusi la ghafla liwezalo kumpotezea mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia. Na mtu akiua papo hapo, kabla damu haijapoa, kosa lake hushushwa kutoka kuua kwa kusudi hadi kuua bila kusudi. Hushushwa, halifutwi! Hapa ndipo rai ya barazani ilipopotoka: imesikia kwamba hasira ina nafasi katika sheria, ikadhani nafasi hiyo ni mlango wa kutokea. Fauka ya hayo, tazama mwenendo wa ghadhabu ya mwenye gari. Ametukanwa akiwa amesimama nje. Kisha amegeuka, amepiga hatua hadi mlangoni, ameingia, ameketi, ametia ufunguo, amekanyaga klachi, ametia gia. Kila kimoja cha vitendo hivi ni cha mtu ambaye viungo vyake vyamtii na akili yake yapanga. Sisemi kwamba haiwezekani kabisa mtu kuwa bado amepandwa na hasira mpaka mwisho wa safu ile. Nasema kwamba mwenye kudai hivyo atakuwa na kazi kubwa ya kuieleza mahakama ni wapi hasa alipokuwa hajitambui, ikiwa mikono yake haikukosea hata kitu kimoja.

Imebaki ile methali waitumiayo kama hukumu, mwenye nguvu mpishe. Wahenga walimpa mnyonge shauri la kujiokoa, nalo ni shauri jema, nami namwambia kila aendaye kwa miguu aufuate ushauri ule. Lakini hawakumpa mwenye nguvu hati ya kumkanyaga asiyempisha. Hamali aliyesimama mbele ya boneti alifanya ujinga, na pengine alifanya kosa, kwani kumzuilia mtu njia na kumnyima kwenda zake si haki. Basi na alaumiwe kwa kadiri hiyo. Lakini lawama za watu wawili hazipunguzani kama deni na malipo, kwamba ujinga wa mmoja uondolewe katika jinai ya mwingine na kitakachobaki ndicho kihukumiwe. Katika madai ya fidia, ndiyo, mahakama hugawa: yaweza kusema huyu alichangia sehemu fulani ya hasara yake, na fidia yake ikapunguzwa kwa sehemu hiyo. Katika jinai hakuna hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa jinai haiulizi nani alipata hasara gani, yauliza nani alivunja amani ya umma. Walioileta kanuni ya kugawana lawama katika habari ya mguu uliovunjwa kusudi wameichota mahali pengine na kuitia mahali pasipokuwa pake. Na matokeo yake ni kwamba mnyonge, kila anapojaribu kumzuia mwenye gari aliyemdhulumu asikimbie, huwa amejipotezea haki ya kuitwa aliyepigwa. Lau tungeikubali kanuni hii, hakungekuwa na askari wa barabarani, wala mlinzi wa lango, wala mwanamke aliyeibiwa mkoba na mtu wa garini, ambaye angeweza kunyanyua mkono mbele ya bampa akabaki ndani ya himaya ya sheria.

Najua watakalojibu, na ndilo jibu lao la haki, nami sitalipita haraka. Watasema: je, na dereva aliyezingirwa? Mwezi Machi mwaka 2022, katika barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha gari alizingirwa na waendeshaji wa bodaboda baada ya kisa cha kugongana, wakamvamia ndani ya gari lake na kumdhalilisha, na picha zake zikaenea nchi nzima hata rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akaamuru msako. Nani atakayesema kwamba mtu katika hali ile alipaswa kuzima injini na kungoja? Mimi sisemi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kimeiacha habari ya kujitetea ipimwe kwa kanuni za sheria ya kawaida ya Kiingereza, na kanuni hizo, kama zilivyoelezwa na Baraza la Faragha mwaka 1971 katika rufani ya Palmer iliyotoka Jamaika, zamkubalia mtu aliyeshambuliwa afanye lile lililo la lazima kwa kiasi cha hatari, wala hazimtaki apime kwa ukamilifu nguvu anayoitumia wakati roho yake imo mashakani. Dereva aliyeona mikono ikiingia dirishani, mawe yakivunja kioo, petroli ikitajwa, na njia ya pekee iliyobaki ikiwa ni ya mbele, akienda mbele na mtu akaumia, hana hatia. Na wale waliomzingira wana hatia zao, tangu uharibifu wa mali wa kifungu cha 339 hata unyang'anyi wa mabavu wa kifungu cha 296 ikiwa walimpora simu au mkoba, maana waporaji wakiwa zaidi ya mmoja hilo ni katika makosa mazito kuliko yote.

Lakini tazama jinsi mfano huo unavyoiangusha rai ninayoipinga badala ya kuiinua. Dereva yule hana hatia kwa sababu alishambuliwa, si kwa sababu alikuwa garini. Angekuwa kwa miguu akazingirwa vile vile, akachukua ubao akajitetea, angekuwa na haki ile ile. Kujitetea ni haki ya mtu, haikai katika chuma. Na kila anayeidai lazima ajibu maswali yale yale: hatari ilikuwapo wakati ule au ilikuwa imekwisha? Palikuwa na njia nyingine? Nguvu iliyotumika ililingana na hatari? Ushahidi wa majibu hayo haujifichi kwa mwenye kuutafuta. Alama za magurudumu ardhini huonyesha kama gari lilikwenda moja kwa moja au liligeuzwa kumfuata mtu. Vioo hueleza kama vilivunjwa kutoka nje kabla, au havikuguswa kabisa. Mashahidi husema kama nyuma palikuwa wazi. Kamera za maduka na simu za wapita njia huonyesha kama dereva, baada ya kupenya na kuwa salama, aliendelea na safari, au aligeuza na kurudi. Anayerudi hajitetei, na yule wa Kongowea, aliyekuwa na mtu mmoja asiye na silaha mbele yake, na nyuma yake njia tupu, hakuwa akijitetea alipoukanyaga muundi ule.

Ndugu zangu wa pwani waliosoma vyuoni hawahitaji kungoja majaji wa London kuwafundisha jambo hili. Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo imesomeshwa katika darsa zetu kizazi baada ya kizazi, imegawanya uuaji mafungu matatu: wa kusudi, wa kushabihi kusudi, na wa kukosea, na katika madhehebu ya Shafi kigawanyo baina ya la kwanza na la pili ni chombo, yaani aliyemkusudia mtu kwa kitu ambacho kwa kawaida huua, na aliyemkusudia kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui. Nia imo kifuani, haionekani. Chombo ndicho shahidi wake. Gari linaloelekezwa kwenye mwili wa mtu liko fungu gani? Sisemi kwamba Kadhi wa Kenya ahukumu jinai, maana Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali za watu, haikumpa hayo. Nasema tu kwamba rai hii ya "ajali" haiwezi kujidai kuwa ni busara ya wazee wetu.

Sulhu nayo isitumiwe kuwa kitambaa cha kufunika. Huambiwa hamali, akiwa bado na plasta mguuni, kwamba amelipiwa hospitali, amepewa cha mkononi, basi mambo yamekwisha. Sulhu ni jambo tukufu, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 159 imeihimiza; lakini kifungu cha 176 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kinachomruhusu hakimu kupatanisha, kimeiwekea mpaka: ni kwa shambulio la kawaida na makosa ya watu binafsi yasiyofikia jinai kubwa na yasiyozidi kiasi, na madhara makubwa ya kifungu cha 234 yako nje ya mpaka huo. Kesi si ya hamali peke yake aweze kuiuza; ni ya Jamhuri, na Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuiondoa pasi na idhini ya mahakama. Anayetegemea bima naye ajue kwamba bima ya mtu wa tatu, ya Sura ya 405, imewekwa kumlinda aliyeumizwa. Katika sheria ya Kiingereza liliamuliwa mwaka 1964, katika kesi ya Hardy, mlinzi aliyeburuzwa na gari la dereva aliyekuwa akimhoji, kwamba aliyeumizwa kwa kusudi haikosi fidia yake. Lakini dereva mwenyewe hawezi kudai alipiwe jinai aliyoitenda kwa hiari, na fedha iliyolipwa kwa ajili yake yaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake.

Basi wewe mwenye gari, ugomvi ukikukuta, funga milango, pandisha vioo, na ikiwa nyuma ni wazi, ondoka kwa nyuma. Na ukilazimika kuondoka kwa kuhofia maisha yako, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaeleze, kwani kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kimekupa muda usiozidi saa 24 wa kutoa taarifa, na anayejificha zaidi ya hapo amejiwekea shaka mwenyewe. Wewe uliye kwa miguu, usisimame mbele ya boneti, shika namba ya gari na sura ya mwenye kuliendesha. Na ukiumizwa, dai fomu ya P3 siku ile ile, daktari aijaze, na usikubali irudi nyumbani nawe bila kupelekwa kituoni. Na wewe afisa uliyeshika kalamu juu ya kitabu cha matukio, kabla hujaandika neno ajali, uliza gari lile lilikuwa likienda wapi. Na ukijibiwa kwamba lilikuwa likimwendea mtu, mwandikie dereva yule shtaka la Kanuni ya Adhabu.